Mtoto Njiti Ndani, Kaka na Dada Mlangoni: Mwongozo Kamili kwa Familia ya Kikristo Zanzibar

Mwanetu wa nne alizaliwa wiki ya 31 ya ujauzito, gramu 1,400. Nyumbani walikuwa wananisubiri watatu: wa kike wa miaka 11, wa kiume wa miaka 7, na wa miaka 3 ambaye mpaka asubuhi ile ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Hospitali walinifundisha mambo ya njiti vizuri sana. Hakuna aliyenifundisha nifanyeje na wale watatu, na hapo ndipo niliposhindwa mwanzoni.

Njiti anataka joto, maziwa ya mama na mikono safi. Yote hayo yanapitia kwa kaka na dada zake. Wao ndio wanaolala naye nyumba moja, ndio wanaorudi skuli na mafua, na ndio wanaokitaka kifua kilekile cha mama. Ukiwaacha nje ya habari, watakuwa kikwazo bila kukusudia. Ukiwapa nafasi ya kweli, watakubebea nusu ya mzigo. Kwa hiyo mwongozo huu nimeuanzia kwao.

Hatua ya 1: Waambie ukweli siku ileile

Mtoto njiti ni aliyezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia. Wanaozaliwa baada ya wiki ya 32 wengi hufanya vizuri wakipata joto na maziwa. Walio chini ya hapo huhitaji uangalizi mkubwa zaidi, na walio chini ya wiki 28 ndio walio katika hatari kubwa kuliko wote. Sababu zinaweza kuwa presha ya mama, maambukizi, upungufu wa damu, mapacha, na mara nyingi sababu haijulikani kabisa.

Nalisema hili kwa sababu mitaani kwetu maneno hayachelewi. Utasikia "kabemendwa", yaani baba au mama kafanya lisilofaa ndiyo maana mtoto mdogo. Wanao watayasikia barazani kabla hujarudi nyumbani. Waambie wewe kwanza kwamba hakuna aliyekosea: si baba, si mama, na si yule aliyegombana na wewe siku moja kabla ya uchungu kuanza. Huyo wa mwisho usimsahau. Wangu wa miaka 7 alikaa wiki nzima akiamini kwamba mtoto alitoka mapema kwa sababu yeye aliniangukia tumboni tukicheza.

Maneno yawe machache: "Amezaliwa kabla ya siku zake. Mapafu bado machanga, kunyonya bado hajui, na hawezi kujipasha joto. Daktari anamsaidia kupumua, mimi nampa joto."

Kisha litakuja swali. Kwangu lilikuja kwa simu, usiku, kutoka kwa yule mkubwa: "Mama, atakufa?" Nilitamani sana kumwambia hapana. Nilimjibu hivi: "Sijui, mwanangu. Wanafanya kila wanaloliweza, na sisi tunamwombea. Likitokea lolote, jema au baya, nitakuambia mimi mwenyewe. Hutalisikia kwa mtu mwingine." Akanyamaza, kisha akauliza kama nimekula.

Hapa nina neno kwa wazazi Wakristo wenzangu. Salini na watoto kila usiku, lakini msiwaambie kwamba wakisali sana mtoto atapona. Nimeona mtoto wa miaka 8 aliyefiwa na mdogo wake akijihesabia makosa ya sala zake: usiku fulani alisinzia, siku nyingine alisahau. Huo ni mzigo ambao hakuna mtu mzima anayeuweza, sembuse mtoto. Sisi tulisali hivi: "Mungu, mshike mdogo wetu, na ushike mikono ya wauguzi." Basi.

Mtoto mdogo haelewi "gramu 1,400". Baba yao alikwenda dukani, akapimiwa mchele gramu 1,400 kwenye mfuko, akarudi nao nyumbani. Kila mmoja akaushika kwenye kifua chake kwa zamu. Wa miaka 3 aliukumbatia, akasema, "Kalala." Mchele ule walikataa katakata usipikwe, ulikaa juu ya kabati siku 34.

Hatua ya 2: Panga nani anakaa na wakubwa

Familia nyingi za Kikristo hapa zina bibi na shangazi bara. Piga simu siku ileile bibi apande boti, kwa sababu kulazwa kwa njiti ni wiki, si siku. Kama mko Pemba na mtoto amepewa rufaa kuja Unguja, hapo tena usisubiri: wewe utavuka na mtoto, na wakubwa watabaki Wete au Chake bila mama wala habari.

Kanuni moja: mtu mmoja alale na watoto kila usiku, yuleyule. Mchana wanaweza kupokezana watu kumi, usiku hapana.

Jumuiya ndogondogo au akina mama wa kanisa watakuja wakiuliza wakusaidieje. Usijibu "tuombeeni" ukaishia hapo. Toa orodha: Jumatatu nani anawapeleka skuli, Jumanne nani anafua, Jumatano nani anapika. Jirani Mwislamu akigonga na bakuli, pokea. Kwetu bakuli la jirani halijawahi kuuliza dini. Ikiangukia Ramadhani, kumbuka kwamba mchana vyakula havipatikani kirahisi mitaani, na mama anayekamua maziwa hawezi kushinda na njaa. Chakula kitoke nyumbani alfajiri, na ule ndani, kwa staha.

Wodi za njiti kwa kawaida haziruhusu watoto kuingia. Mimi nilimwachia wa miaka 3 kanga niliyokuwa nalala nayo nyumbani, haijafuliwa. Bibi yake aliniambia alikuwa anaivuta mpaka puani ndipo usingizi unamjia.

Hatua ya 3: Kifua cha mama, na kifua cha baba

Malezi ya kangaruu, yaani kumbeba njiti kifuani ngozi kwa ngozi, yalianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na mashine za joto chache kuliko watoto. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri yaanze mapema kadiri inavyowezekana baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku. Si mbadala wa maskini kwa kukosa mashine. Ngozi ya mama humpa mtoto joto, hutuliza pumzi na moyo wake, na huleta maziwa.

Mtoto avalishwe nepi, kofia na soksi tu. Msimamishe katikati ya matiti, kifua kwa kifua, uso umegeukia upande mmoja, kidevu kimeinuka kidogo ili njia ya hewa isibanwe. Miguu na mikono ikunjwe kama chura. Funga kwa kanga au kitenge kisichoteleza, ukingo wa juu ufike chini ya sikio lake. Kaza kifuani, tumboni kwake acha nafasi ya kupumua. Kila unapomweka, akae angalau saa moja. Kumtoa na kumrudisha kila mara kunamchosha. Usiku lala nusu ya kuketi, umeegemea mito. Usimlaze na wewe kwenye kochi, wala usimlaze kitanda kimoja na ndugu zake hata kwa dakika tano.

Hii inaendelea nyumbani mpaka mwenyewe aanze kujinyonganyonga akitaka kutoka, mara nyingi anapokaribia kilo 2.5 au siku zake za kuzaliwa zinapofika.

Sasa fikiria miezi miwili kifua chako kina mtu. Aliyekuwa kitinda mimba anakuja mbio, anakuta nafasi yake imefungwa kwa kanga. Wangu hakulia. Alikwenda chumbani akarudi na kiatu cha baba yake, akakiingiza ndani ya fulana, akakaa karibu yangu kimya, mkono mmoja umekishika kile kiatu kwa chini kama nilivyokuwa nimemshika mdogo wake. Nilipomwona nililia mimi.

Tangu siku ile tulibadilisha ratiba. Baba alichukua zamu ya kangaruu kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili, kila siku, bila udhuru. Kifua cha baba kina joto lilelile, na njiti hajui tofauti hiyo. Saa mbili hizo kifua changu kilikuwa cha wa miaka 3: kuogeshwa, kulishwa, hadithi, mgongoni akitaka. Akina baba, msiambiwe kwamba hii ni kazi ya kike. Funga kitenge, kaa barazani kwako, majirani watazoea. Wetu walizoea siku ya tatu.

Mtoto mkubwa mwenye afya anaweza kumshika kifuani kwa muda mfupi, ameketi, mtu mzima yuko ubavuni, na muuguzi ameshakubali. Binti yangu alimshika robo saa kila Jumapili.

Hatua ya 4: Maziwa

Kabla ya wiki ya 32 hadi 34, njiti hawezi kupanga kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja. Atalishwa kwa mpira mwembamba, kisha kikombe, kisha titi. Maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, yakamue hata yakiwa matone. Ndiyo kinga yake. Kamua mara 8 hadi 12 kwa siku, na moja kati ya hizo iwe usiku wa manane, la sivyo maziwa yatapungua. Kiasi cha kumpa atakuambia muuguzi kwa uzito wake, na kitaongezwa kila uzito ukiongezeka.

Kikombe kidogo cha chuma ni rahisi kuchemshwa. Mkalishe mtoto karibu wima, gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yafike mdomoni, kisha ngoja alambe mwenyewe. Usimmiminie. Chupa za kunyonyea ziache. Ni ngumu kusafisha na zinamchanganya.

Kwa joto letu la kaskazi, maziwa yaliyokamuliwa nisingeyaacha mezani zaidi ya saa nne, na kwa njiti mimi niliishia mbili. Friji, siku moja. Umeme ukikatika muda mrefu, mwaga. Inauma, lakini mwaga.

Mama naye ale. Uji wa pilipili manga, supu ya samaki, mboga za majani, maji mengi. Kazi ya kuniletea gilasi ya maji kila ninapokaa kukamua ilikuwa ya wa miaka 7, na hakuikosa.

Hatua ya 5: Tayarisha nyumba kabla hajaruhusiwa

Moshi kwanza. Jiko la mkaa litoke ndani. Sigara, udi na ubani visiingie chumba cha mtoto. Dawa ya mbu ya kuwasha, acheni; tumia chandarua, hata kama malaria Zanzibar imepungua sana.

Vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuza mende, naftalini, vitoe nyumba nzima na nguo zote za mtoto zifuliwe upya. Pwani yetu ina watu wengi wenye upungufu wa kurithi wa kimeng'enya cha G6PD, na kwa mtoto mwenye upungufu huo naftalini huvunja chembe za damu na kuleta manjano kali. Nguo za urithi zilizokaa sandukuni miaka mitatu ndizo zenye harufu hiyo.

Mikono. Tuliweka ndoo yenye bomba na sabuni nje ya mlango, si ndani, ili mtu asipite kwanza. Watoto waliimba ubeti mmoja wa wimbo wa kwaya wakijisugua, ukiisha ndipo wanasuuza. Sare za skuli zinavuliwa mlangoni. Hakikisha pia chanjo za wakubwa zimekamilika, kwa sababu kifaduro na surua huletwa nyumbani na wao.

Mafua ndiyo adui. Mwenye mafua halali chumba kimoja na njiti, hambusu, hamkaribii. Wiki ya pili tangu turudi, wangu wa miaka 7 alimbusu mdogo wake usoni asubuhi. Jioni akaanza kutokwa na kamasi. Siku tatu baadaye njiti alikuwa anapumua mbio na tukarudi wodini siku sita. Alipona. Lakini kijana aliacha kumkaribia kabisa, akawa anakula mlangoni. Nilimkalisha nikamwambia: "Hukumuumiza. Mafua ni mdudu, na mdudu hakukuomba ruhusa. Wewe ulimpenda tu. Sasa tukubaliane: nyayo ndizo zako, zibusu utakavyo ukiwa mzima." Mpaka leo anambusu nyayo. Nami nilijifunza kwamba kanuni ya "usimbusu" peke yake haitoshi. Mwambie mtoto abusu wapi.

Kila mmoja awe na kazi yake moja, iliyoandikwa ukutani. Mkubwa aliandika daftari: saa ya kulishwa, kiasi, mkojo mara ngapi, joto la mwili. Wa kati, maji yangu na mlango. Mdogo alikuwa mchagua kofia ya siku.

Karatasi ya mlangoni

Hii ibandikeni ambapo hata bibi ataiona. Ukiona moja tu, nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje asubuhi:

- Hanyonyi, au anaacha kulishwa mara mbili mfululizo
- Anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au mbavu zinaingia ndani
- Pumzi inakatika, au midomo inakuwa ya buluu
- Joto la mwili zaidi ya 37.5, au chini ya 35.5
- Manjano kwenye viganja au nyayo
- Degedege, au amelegea haamki
- Kitovu chekundu au chenye usaha

Joto lake la kawaida ni 36.5 hadi 37.5. Likishuka chini ya 36.5, mweke kifuani, mfunike, pima tena baada ya saa moja, lisipopanda, ondokeni. Pumzi ikikatika, msugue mgongo au mkune nyayo huku mkitafuta gari. Njiani abaki kifuani chini ya kanga, hata kwenye teksi.

Hatua ya 6: Majirani, udi na kago

Watakuja kumtazama, na ni upendo. Jirani yetu mmoja, bibi wa makamo, alikuja jioni ya kwanza na chetezo mkononi, ubani unafuka. Nilimsimamisha kizingitini. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumfukiza mjukuu." Nikamwambia, "Bibi, daktari katukataza moshi, mapafu yake bado machanga. Tufukize kanga zake hapa nje, nizipunge upepo, kesho ndio nimfunge." Akafurahi. Kanga zilinukia, mtoto hakuvuta moshi, na bibi yule ndiye aliyekuwa akiwafukuza wageni wengine mlangoni kwa niaba yangu.

Wapo watakaoleta hirizi au kutaka mtoto akagwe, yaani afanyiwe kinga ya kienyeji. Sisi tulijibu kwamba kwetu mtoto anakingwa kwa sala, tukawashukuru kwa kumjali, na kweli tulishukuru. Usimdharau mtu kwa hilo. Asali, maji ya mizizi, wanja wa macho na kukandwa kwa maji ya moto, hayo yote kwa njiti ni hapana, yatoke kwa nani atakaye.

Wageni wa kanisani ndio wagumu zaidi, kwa sababu wanakuja kumi kwa wakati mmoja na wote wanataka kumwekea mikono. Ombeni barazani. Mungu anasikia kutoka barazani.

Hatua ya 7: Ubatizo

Mtoto akiwa hatarini, msisubiri. Kwa Wakatoliki na Waanglikana, mtu yeyote anaweza kubatiza kwa dharura: maji kidogo kichwani, na maneno, "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Maji kidogo ya uvuguvugu yakitiririka kichwani yanatosha, mwulize muuguzi kwanza, kisha mfute haraka asipate baridi. Mjulishe paroko au kasisi, iandikwe. Kwa Wakatoliki ubatizo huo haurudiwi. Akipata nguvu, mnampeleka kanisani kukamilisha sehemu zilizobaki.

Sisi baba yake alimbatiza wodini. Ilibaki kasoro moja: kaka na dada zake hawakuwapo. Basi siku ya kukamilisha, alipofikisha miezi minne na daktari akaturuhusu kuingia kwenye watu, wao ndio walioshika mshumaa na kitambaa cheupe. Chagueni misa ya siku ya kazi yenye watu wachache, iwe kanisa kuu la Katoliki la Minara Miwili, lile la Kianglikana la Mkunazini au kigango chenu, mkae karibu na mlango ambapo upepo unapita.

Hatua ya 8: Kliniki, na umri wa aina mbili

Chanjo zinafuata umri wa kuzaliwa: wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha surua na rubela miezi 9 na 18. Zile za mwanzo, kama ya kifua kikuu, huweza kucheleweshwa kwa uzito mdogo, muuguzi ataamua. Matone ya madini chuma usiyaruke, njiti huzaliwa na akiba ndogo. Aliyezaliwa kabla ya wiki 32, au chini ya gramu 1,500, macho yake yapimwe akiwa na wiki nne hivi, kwa sababu mishipa ya ndani ya jicho huweza kukua vibaya na kuharibu uoni, na muda wa kuitibu ni mfupi. Ulizia kipimo hicho kabla hujatoka wodini, na cha masikio pia.

Kukaa, kutambaa, kusema, hayo yanafuata umri wa siku alizotakiwa kuzaliwa, mpaka atimize miaka miwili. Wetu aliwahi wiki tisa. Akiwa na miezi sita ya kalenda, mfananishe na wa miezi minne. Waeleze na wakubwa hesabu hiyo, maana watoto wa mtaani watawauliza kwa nini mdogo wao hajakaa. Binti yangu aliichora kwenye jalada la nyuma la daftari: mistari miwili, mmoja umeanzia nyuma ya mwingine kwa viboksi tisa. Daftari hilo ndilo tunalokwenda nalo kliniki pamoja na kadi, na daktari hulisoma kwanza kabla ya kuniuliza mimi.

Ule mchele wa juu ya kabati ulipikwa siku tuliyorudi, pamoja na mwingine, kwa nazi. Wa miaka 3 alitaka kujua kama tunamla mdogo wake. Ikabidi tumfungue kanga kidogo, amwone yuko palepale, ndipo akakubali kula.